Mezani pa Wamama: Daftari lililofungwa ndani ya mashini ya zamani

 

Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya kukausha mpunga ili usivunjike kinuni. Mpunga utangoja juma moja. Kuna jambo ambalo lazima tulitangulize, kwa sababu lilianza kwa kosa letu sisi wenyewe, na mama mmoja wa chama chetu aliteseka nalo miezi minne.

Wengi wenu mlikuwepo siku ile ya mkutano. Mama huyo, mjane, alisimama kuomba mkopo wa mbegu. Mama mtunza feza alifungua daftari, akapekua nyuma, akasema mbele ya watu wote: "Mama, bado una deni letu la zamani." Daftari lilionyesha mkopo wa franka 60,000 wa mwaka 2011, uliopaswa kurudishwa kwa mara nane, kila mara franka 7,500. Marejesho matano yalikuwa yameandikwa. Matatu hayakuwepo. Zimebaki franka 22,500.

Mama alijibu kwa sauti ya chini: "Nilirudisha zote. Nilimpa mwandishi mkononi mwake." Mwandishi wa wakati ule alikwisha kufariki. Tukamwomba mama alete kadi yake. Kadi ililowa na kuoza mwaka ule majani ya nyumba yake yalipobomoka. Hakuwa na shahidi, hakuwa na karatasi. Nasi tukafanya kile ambacho vikundi hufanya: tukasema sheria ni sheria, mkopo hauwezekani kabla deni halijaisha.

Hakugombana. Alikunja kitenge chake, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Sokoni tulisikia wengine wakimwita "mama wa deni". Maneno hayo hayakutoka hewani, wamama. Yalitoka katika mkutano wetu.

Mashini chini ya kitanda

Aliyetufungua macho ni binti wa marehemu mwandishi. Alikuja jioni moja akatuuliza: "Kwa nini mnatafuta katika daftari la karatasi peke yake? Miaka ile mama alikuwa anaandika kwenye mashini."

Wakubwa kati yenu wanaikumbuka. Mwaka 2005 chama kilipewa kompyuta ndogo ya kukunja, ambayo hata siku ile ilikuwa tayari ya zamani. Ina Windows 3.1, rangi yake ni nyeusi na kijivu, na uzito wake ni kama wa mtoto wa miezi mitatu. Kila Jumamosi mwandishi aliandika humo: jina, akiba, mkopo, rejesho. Mwaka 2013 mdomo wake wa disketi ulikufa. Hapo hatukuweza tena kupeleka maandishi Kasongo kuyachapisha, basi tukarudi kwenye karatasi. Madeni na akiba zote tukazinakili kwa mkono, kwa haraka, siku mbili tu, tukitazama kioo hafifu wakati betri ya jua inakwisha. Sasa mnaanza kuelewa kosa liliingilia wapi.

Binti aliitoa katika sanduku la chuma chini ya kitanda, imefungwa kwa vitenge viwili. Tulienda nyumbani kwa mama mmoja mwenye paneli ya jua. Tukaiunganisha. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, kisha kioo kikawaka. Ilituambia kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1980, maana kibetri chake cha ndani kinachotunza saa kimekufa. Lakini kumbukumbu zilikuwepo: faili 23, kwa miaka minane.

Je, kwa nini hatukusoma palepale tukamaliza? Tulijaribu. Kioo kilikuwa kinafifia, kila dakika kumi kinazimika kabisa, na kila tulipoizima na kuiwasha tena tuliogopa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Tukaona bora kwanza kuyatoa maandishi yote humo ndani, kisha kuyasoma kwa utulivu.

Hakuna mlango wa flashi

Mashini ile haina tundu la USB. Ilitengenezwa kabla ya mambo hayo. Disketi, imekufa. Intaneti, haijui hata jina lake. Tukaifunga mgongoni kama mtoto, tukapanda pikipiki hadi Kasongo, kwa kijana mmoja anayeandikia watu karatasi na kufanya fotokopi.

Kijana aliigeuza huku na huku. Akasema: "Mama zangu, naweza kuifungua nikatoa diski. Lakini kifaa cha kuunganishia diski ya aina hii sina, na ikivunjika, imevunjika." Tukakataa kwa sauti moja. Ndipo akaonyesha nyuma yake tundu pana lenye meno tisa, akasema: "Basi tutapitia hapa. Huu ni mlango wa seriali."

Mmoja wetu alisikia "mlango wa siri" akacheka. Si siri, wamama. Maana yake ni kwamba maandishi yanapita moja baada ya jingine, kwa mstari mmoja, kama wanawake wanaorudi mtoni na ndoo kichwani katika njia nyembamba. Hakuna anayempita mwenzake. Ni njia ya pole, lakini ni ya zamani sana: kanuni yake, inayoitwa RS-232, ilianza miaka ya 1960, na karibu kila kompyuta ya miaka ile na ya baadaye iliijua. Mashini mbili zilizozaliwa miaka kumi au ishirini mbalimbali zinaweza kusalimiana kupitia mlango huo.

Kijana alikuwa na kompyuta mpya ya kukunja isiyo na tundu hilo, na nyingine ya mezani yenye Windows XP, ambayo ilikuwa nalo. Tukachagua ile ya mezani.

Mdomo kwa sikio

Kamba ya kwanza aliyotoa ilikuwa ya modemu ya zamani. Aliunganisha, tukangoja. Kimya. Akaona kosa lake, akatueleza hivi, nasi tunawaeleza ninyi.

Kila mashini ina mdomo na sikio. Katika tundu la meno tisa, jino la 3 ni mdomo, jino la 2 ni sikio, na jino la 5 ni ardhi ambayo wote wawili wanaikanyaga. Kamba iliyonyooka inapeleka mdomo kwenye mdomo na sikio kwenye sikio. Ni kama wamama wawili wanaosema pamoja na hakuna anayesikiliza. Kwa hiyo lazima nyaya zipishane: 3 ya huku iende 2 ya kule, 2 ya huku iende 3 ya kule, na 5 ikutane na 5. Nyaya tatu tu. Kwenye mashini za zamani zaidi zenye tundu la meno 25, mdomo ni 2, sikio ni 3, na ardhi ni 7.

Fundi wa radio sokoni aliikata kamba ile, akachomelea nyaya tatu kwa risasi. Tulikaa kwenye benchi lake tukikula karanga. Kazi yenyewe haikufika saa moja.

Tuliporudi, kijana alifungua kwenye mashini yetu programu inayoitwa Terminal, ambayo imo ndani ya Windows 3.1 tangu mwanzo. Kwenye yake alifungua HyperTerminal, iliyo ndani ya Windows XP. Akaandika neno "jambo" kwenye mashini yetu. Kwenye ile ya mezani zilitokea alama za ajabu, kama mtoto aliyekanyaga wino. Akasema mashini moja ilikuwa inasema kwa mwendo wa 1200 na nyingine inasikiliza kwa mwendo wa 2400. Akaziweka zote mbili 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Akaandika tena.

"jambo", ikasema ile ya mezani.

Binti wa mwandishi alishika mkono wa jirani yake. Mashini iliyokuwa imenyamaza kwa miaka ilikuwa imetoa neno.

Kuhesabu kikapu mlangoni

Hapo tulifikiri kazi imekwisha, kumbe sehemu ya uangalifu ndiyo ilikuwa inaanza. Herufi zinazopita kwenye waya zinaweza kuharibika njiani, na katika daftari la akiba, tarakimu moja ikigeuka, mtu anakuwa mwizi. Ndiyo sababu haitoshi kumwaga maandishi tu. Lazima kuwe na mapatano ya kuhesabu.

Wale waliowahi kutuma habari kwa foni, kabla ya simu za mkononi kufika kwetu, wanajua jambo hili. Ulikuwa unataja jina herufi kwa herufi, na yule wa upande wa pili anarudia. Asiporudia sawasawa, unasema upya.

Kompyuta zina desturi hiyohiyo. Mwaka 1977 Mmarekani Ward Christensen aliandika mapatano yanayoitwa XMODEM. Mashini inayotuma inafunga maandishi katika vikapu vidogo, kila kikapu kina herufi 128, na juu yake inaweka namba ya kikapu na hesabu ya vilivyomo. Inayopokea inahesabu upya. Hesabu zikilingana inajibu "nimepata, lete kingine". Zisipolingana inajibu "rudisha, lete tena kilekile". Ni kama tunavyomtuma mtoto na mayai thelathini kwa shangazi yake: shangazi anahesabu mlangoni kabla mtoto hajaondoka, si kesho yake. Kuna mapatano mengine yanayofanya kazi hiyo, kama Kermit ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ya mwaka 1981, iliyopewa jina la chura wa vikaragosi vya televisheni. Windows 3.1 inajua yote mawili. Tulitumia XMODEM.

XMODEM ina ila moja ya kuchekesha: haichukui jina la faili. Mtoto anafika bila jina, na kompyuta inayopokea inakuuliza umwite nani. Tulimweka binti wa mwandishi aandike majina kwenye karatasi, faili kwa faili, ili 2009 isije ikaitwa 2010. Kermit yenyewe inapeleka na jina.

Mwendo wa 9600 unapitisha herufi 960 hivi kila sekunde. Faili zetu zote pamoja hazikufika kilobaiti 640, kwa hiyo kwa hesabu tupu zingepita kwa dakika 11 au 12. Ilituchukua alasiri nzima. Mara mafuta ya jenereta yanaisha, mara mguu wa mtu unavuta kamba na faili la 17 linaanza upya, mara tunasubiri mashini yetu ipoe. Faili la mwaka 2008 lilikataa kabisa. Diski yenyewe ina kidonda mahali pale, na yaliyoandikwa juu ya kidonda hayasomeki. Tulijaribu mara tano tukaacha. Mwaka huo tumeupoteza, tunawaambia wazi, na mwenye kadi ya 2008 atuletee.

Faili 22 zilipita.

Tulichosoma

Tulipozifungua, majina mengine yalikuwa yamevaa nguo za wengine. Kila mwenye é au è katika jina lake alikuwa ameharibika: Thérèse alikuwa Th‚rŠse. Kijana alieleza kwamba mwandishi alikuwa akiandika katika upande wa DOS, na DOS na Windows hazikupatana juu ya namba za herufi zenye alama. Hilo si kupotea, ni kubadilisha tu. Alilisahihisha kwa dakika chache. Tarakimu zilikuwa salama zote.

Tukafungua 2012. Tukashuka kwa kidole hadi kwenye jina la mama yetu.

Tarehe 14 Aprili, franka 7,500. Tarehe 12 Mei, franka 7,500. Tarehe 9 Juni, franka 7,500. Na mbele yake mwandishi aliongeza neno moja: "amemaliza".

Hatukusema kitu kwa muda. Mama mtunza feza alilia. Aliyenakili ukurasa ule mwaka 2013 alikuwa mmoja wetu tulio mezani, na hatutamtaja kwa sababu angeweza kuwa yeyote kati yetu. Aliruka mistari mitatu.

Tuliendelea kusoma hadi usiku. Tukakuta wamama wawili ambao akiba zao hatukuzihamisha kabisa. Mmoja alihamia Kindu. Mwingine amefariki, na watoto wake wako Kabambare. Feza hizo ni zao. Tumekwisha tuma habari pande zote mbili.

Nyumbani kwa mama

Tulikwenda kwake Jumatano, wote wa meza, na kuku na kikapu cha mchele. Alituacha tukae uani kitambo kirefu akimaliza kuchambua sombe. Kisha akaketi, tukasema yote bila kupunguza, tukampa karatasi iliyochapishwa. Aliisoma mistari mitatu ile, akairudia.

Akasema: "Mimi sikutaka kuku. Nilitaka mniamini."

Halafu akamchukua kuku, maana kuku hana kosa.

Tulimuuliza tufanye nini zaidi. Alisema neno moja ambalo ndilo sababu ya ukurasa huu: maneno yalisemwa mbele ya watu, yafutwe mbele ya watu. Aliomba jina lake lisiandikwe, maana kila mmoja anamjua. Basi tunaandika: mama huyo hakuwa na deni la chama. Alimaliza tarehe 9 Juni 2012. Aliyesema vinginevyo, tukiwa wa kwanza, alisema uongo bila kujua, na sasa anajua. Mkopo wake wa mbegu umetoka. Jumamosi iliyopita alikaa mahali pake pa zamani kwenye benchi, ingawa hakuzungumza sana. Hatumlazimishi. Moyo haurudi kwa haraka kama faili.

Maandishi ya soko letu

Mtatuuliza kwa nini tunahangaika hivi na makaratasi. Wamama, tunakaa Nyangwe. Hapa tunajua gharama ya kutoandikwa.

Bibi zetu walikuwa na soko kubwa kwenye ukingo huu wa Lualaba, wakija kwa mitumbwi na samaki, vyungu, mafuta na mihogo. Machi 1871 alifika hapa Mwingereza David Livingstone, mtu wa Uskoti, akakaa miezi kadhaa akitafuta mtumbwi wa kuvuka. Tarehe 15 Julai 1871, wakiwepo sokoni watu kama 1,500, wengi wao wanawake, wenye bunduki walianza kupiga risasi. Wamama walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kupinduka, na wengi walizama mtoni. Makadirio aliyoandika, aliyoyasikia kwa Waarabu wenyewe, ni kati ya watu 330 na 400.

Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la London, kukatiza maandishi ya chapa, kwa wino alioutengeneza kwa mmea wa hapa. Wino ule ulififia. Kwa muda mrefu kurasa zile zilizotunzwa Uskoti zilikuwa karibu hazisomeki, kama kioo cha mashini yetu. Yeye mwenyewe baadaye aliyanakili katika daftari lake kubwa, na kitabu kilitolewa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Watu wakasoma nakala.

Ndipo wataalamu wakazipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi nyingi, hata ile ambayo jicho halioni, wakatenga wino wa mmea na wino wa gazeti. Mwaka 2011 maandishi ya kwanza yakaanza kusomeka na kila mtu akaweza kuyaona kwa intaneti. Na nini kilionekana? Kwamba asili na nakala hazilingani mahali pote. Mwenye kunakili alipunguza hapa, akalainisha pale.

Tuliposikia hayo tulifikiria mistari yetu mitatu. Mtu mwenye jina duniani kote alinakili akabadilisha. Sisi tulionakili kwa mwanga wa betri inayokufa tulijiamini vipi hivyo?

Na jambo la pili. Wamama wale wa soko tunapewa hesabu yao, majina hatupewi. Tunajua kadiri walivyokuwa wengi, hatujui nani alikuwa nani. Faili 22 zile si kitu kikubwa, ni franka na tarehe. Lakini kila mstari unaanza na jina la mama wa hapa, na alichokileta mkononi mwake siku ile.

Kwa vikundi vyenu

Kila kikundi cha likelemba au cha AVEC kichukue haya kwenye mkutano ujao:

Kwanza, asiyekuwa na karatasi asihukumiwe kabla kikundi hakijatafuta karatasi yake chenyewe. Kutunza daftari ni kazi ya kikundi, na likikosea, kikundi kijiulize kwanza.

Pili, ukinakili daftari, wawili wasome na wawili waandike. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole. Mwishoni hesabuni jumla ya ukurasa wa zamani na wa mpya. Zisipolingana, rudieni kikapu kilekile, kama XMODEM.

Tatu, nakala isiue asili. Msitupe daftari la zamani, wala mashini ya zamani, hata kama haiwaki vizuri. Ifungeni kwa kitambaa kikavu, mbali na moshi na panya.

Nne, wenye kompyuta za zamani kwenye shule, kituo cha afya au parokia: tazameni nyuma yake. Ukiona tundu la meno 9 au 25, njia ya kutoa maandishi ipo. Kompyuta mpya isiyo na tundu hilo inahitaji kamba ya USB yenye meno tisa upande wa pili. Windows za sasa hazina HyperTerminal, lakini programu ya bure ya Tera Term inafanya kazi ileile na inajua XMODEM na Kermit. Wekeni mwendo mmoja pande zote mbili, anzeni na neno moja fupi, kisha faili dogo, ndipo makubwa. Na mtu mmoja akae kuzuia miguu isivute kamba.

Tano, yakishatoka, yasikae mahali pamoja. Yetu sasa yako kwenye flashi mbili katika nyumba mbili, na yamechapishwa kwenye karatasi iliyo ndani ya sanduku la chama, lenye kufuli tatu. Mashini yenyewe imerudi kwa binti wa mwandishi. Ni urithi wake, na tumemwomba aitunze.

Jumamosi hii, baada ya akiba, tutasoma kwa sauti majina yote ya 2005 hadi 2013, isipokuwa 2008. Njoo na kadi yako kama unayo. Kama huna, njoo hivyohivyo. Na mwenye kukuta kosa jingine letu asiogope kulisema, maana sasa tumekwisha zoea njia ya kwenda kuomba msamaha.

Juma lijalo, mpunga. Mbakie na amani nyumbani mwenu.